Rangi Nyeupe Kwenye Mawe ya Butihinda

Vijana wangu, mkiniona nimekaa mbele ya duka la vipuri la mwanangu hapa Gitega na mgongo huu uliopinda, msidhani nilikuwa mchukuzi wa mihogo. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kutafuta njia mbaya. Wenzangu waliomba barabara zitengenezwe. Mimi nilipanda vilima nikiomba nizikute zimeharibika zaidi, zenye mawe, mizizi na makorongo, ili nimpeleke mgeni aliyetoka mbali na baiskeli yake ya milimani akitaka kushuka roho mkononi. Sioni haya kusema kwamba hapa kwetu hakuna aliyeijua kazi hii kunishinda, na wanaobisha, wengi wao niliwafundisha mimi mwenyewe.

Mmeniomba niwaeleze nilivyokuwa nikifanya, kwa kuwa sasa nanyi mmeanza kuwapeleka wageni. Nitawaeleza. Lakini nitawaeleza pia kazi moja ya Butihinda, ambako kwa kopo moja la rangi nusura nimpotezee mwanamke mmoja shamba la baba yake. Hiyo hasa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana nawaona mnapita na makopo kama lile.

Nilianza kama fundi. Baba alikuwa na banda la baiskeli mtaani kwetu, karibu na msikiti, na nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Siku moja akaja Mzungu mmoja mwenye miguu mirefu, Tobias, mtu wa nchi ya theluji, akiikokota baiskeli iliyovunjika kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni. Niliigeuza mara tatu nisione pa kuanzia, lakini sikumwambia. Nikachonga kipande cha bati, nikakifunga kwa waya, ikatembea. Akafurahi, akaniuliza kwa Kifaransa mteremko mkali kuliko yote uko wapi.

Nami, kwa ujinga wangu, nikampeleka kwenye barabara ya lami, pale ambapo malori hushuka yakinuka breki. Tulishuka kwa kasi mpaka machozi yakanitoka. Tulipofika chini Tobias akapiga miayo. "Saidi," akasema, "hii ni barabara. Bibi yangu angeshuka hapa na kikapu cha mayai." Niliona aibu siku hiyo, na aibu ndiyo iliyonifundisha kwamba mteremko mkali na mteremko mgumu ni vitu viwili.

Aliyenifundisha kuona huo ugumu hakuwa mwendesha baiskeli. Alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa kutoka Uvira, aliyeuza ndagala kavu, dagaa wa kwao, katika soko la Gitega na kuzitembeza vilimani kwa miguu. Nilimlalamikia kwamba nimezunguka wiki nzima sijaona kitu. Akanicheka.

"We Saidi, unaangaliaka kilima sawa mutu anaangalia picha," alisema. "Haifae. Angalia wamama wenye kubeba. Wanapita wapi, wanakwepa wapi? Pale wanakwepa, bon, pale ndiyo Muzungu wako anatafuta."

Nikafunga kapu lake nyuma ya baiskeli yangu, nikamfuata kiangazi kizima. Kweli kabisa. Mwanamke mwenye debe kichwani hapendi kuinamisha shingo, kwa hiyo akifika mahali panaposhuka ghafla anazunguka, na mzunguko wake unaacha katikati kipande ambacho miguu imekikataa. Kipande hicho ndicho dhahabu yenu. Wageni wangu wa kwanza walilalamika kwamba baiskeli yangu inanuka samaki, lakini waliporudi kwao walinisifu mpaka nikaanza kupigiwa simu na watu nisiowajua.

Sasa nisikilizeni kuhusu mambo madogo, maana kazi iko humo. Mteremko upandeni kwanza kwa miguu kabla ya kuushuka. Ukipanda, jiwe lililolegea linajionyesha. Ukishuka, linakuonyesha wewe. Chukueni chupa ya soda, tieni maji nusu, muilaze juu ya bomba la baiskeli: maji yanawaambia mwinamo wa ardhi hata pale jicho limezoea vilima na halishtuki tena. Udongo mwekundu uonjeni kwa kisigino mvua ikiwa imenyesha jana, msingoje siku wageni wamekuja. Mimi niliwahi kuwapeleka Wafaransa wanne kwenye udongo wa mvua ya jana, na magurudumu yalinenepa mpaka hayakuzunguka tena. Tulirudi tumebeba baiskeli, watoto wa kilima kizima wakitusindikiza kwa nyimbo.

Na msiulize kamwe, "Njia ile ni mbaya?" Mtu wa kilimani hawezi kuitukana njia ya kwao mbele ya mgeni. Atakwambia ni nzuri, tena ni hapo tu, na wewe utalala porini. Ulizeni, "Mwaka huu nani ameanguka pale?" Hapo watacheka, wataitana, watakutajia jina la aliyeanguka, alikuwa amebeba nini, na watakupeleka mpaka kwenye jiwe lenyewe.

Swali hilo nilikwenda nalo mbali. Tobias alinipeleka Lesotho, ambako nilivaa suruali tatu na bado nikaona nitakufa kwa baridi, na wachungaji wakanionyesha mteremko ambao hata punda huushuka kwa kusitasita. Alinipeleka Moroko, kwenye milima ambako wenzake walikuwa wamezunguka siku nzima wakipewa chai na kunyimwa habari. Mimi nilisalimia kwa salamu yetu ya Kiislamu, nikaswali pamoja nao adhuhuri, kisha nikauliza kwa Kifaransa nani ameanguka. Mzee mmoja alijipiga kifuani kwa fahari. Ni yeye aliyeanguka, pamoja na mbuzi wawili. Jioni tulikuwa na ramani yote.

Nyinyi mna picha za kutoka angani ndani ya simu, na sizidharau. Zinawaokolea siku tatu za kutembea. Lakini picha ile haijui ni nani anaamka asubuhi kando ya njia hiyo, na hapo ndipo mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, nilipoanguka.

Mwaka mmoja Tobias alinipigia akasema analeta watu sita ambao wameshazunguka dunia nzima na baiskeli zao na wamechoka na mahali panapojulikana. Alitaka kaskazini mashariki. Nikapanda gari mpaka Muyinga na baiskeli juu ya paa, nikalala kwa binamu yangu mwenye duka la vitenge, nikaanza kuzunguka. Gasorwe niliiona nzuri mno: vilima vya mviringo, mashamba ya maharagwe, njia laini, mahali pa kumpeleka bibi harusi. Nikaendelea hadi Butihinda, karibu na Tanzania, na huko siku ya nne nikaupata.

Sijawahi kuona mteremko kama ule, si Lesotho wala Moroko. Ulianza juu kwenye mwamba, ukashuka ngazi mbili za mawe, ukakata kona juu ya mzizi mnene kama paja langu, kisha ukaanguka moja kwa moja hadi bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Pale juu nikamkuta mwanamume mmoja anaitwa Bosco, mwenye shamba la upande wa kushoto. Akanipokea vizuri, akanipa Fanta, nikamuuliza kama ile ni njia ya watu wote.

"Njia iko, papa," alisema. "Iko tangu zamani. Pitisheni kinga zenu, hamna shida."

Kinga kwao ni baiskeli. Hata alichukua jembe akanisafishia kona. Nilipaswa kujiuliza kwa nini mtu anakubali upesi hivyo. Sikujiuliza. Nilifungua kopo langu la rangi nyeupe ya mafuta, nikatia alama kwenye mawe toka juu hadi chini kama nilivyozoea: doa moja, pita; madoa mawili, shika breki; madoa matatu, anayempenda mama yake ashuke atembee. Nikarudi Muyinga nikiimba.

Nilirudi siku ya Jumatatu kukagua kwa mara ya mwisho, kwa kuwa wageni walikuwa wanashuka Alhamisi. Nikamkuta mwanamke amesimama katikati ya njia, jembe mkononi.

"Shikamoo mzee," akasema, na kwa Kiswahili chake nikajua amekulia Tanzania.

"Marahaba, mama."

"Samahani kukuuliza. Wewe ndiye mpimaji uliyetoka Gitega?"

"Mpimaji wa nini?"

"Wa mpaka. Bosco anawaambia watu wote kwamba mtu mkubwa alitoka Gitega akaweka alama, na kwamba shamba lake sasa linafika kwenye mawe yako."

Nilicheka. Naona haya kuwaambia, lakini nilicheka, nikamweleza habari ya baiskeli. Yeye hakucheka. Jina lake Mama Zawadi. Alikimbia vita na wazazi wake akiwa na miaka saba, akaishi Tanzania hadi akazaa watoto huko, na alikuwa amerudi na karatasi zake za ukimbizi na wanawe watatu kwenye shamba la marehemu baba yake. Akanishika mkono, akanivusha upande wa kushoto wa njia, akanionyesha miti ya kahawa, mizee, safu nne.

"Hii aliipanda baba," akasema. "Mpaka wetu uko kule mbele ya kahawa, kulikuwa na ua wa miti ya miyenzi. Bosco ameukata wote. Njia ya baba ya kwenda kuteka maji ilipita kule, kando ya ua. Hii unayoiona wewe haikuwepo. Nimesema mpaka nimechoka. Wananiambia nilikuwa mtoto, nimesahau. Keshokutwa wazee wanakaa, na sasa kuna rangi juu ya mawe. Mimi nina maneno tu, mzee. Yeye ana rangi yako."

Hapo kicheko kiliniisha. Kwetu jiwe lililopakwa rangi kando ya shamba si pambo, ni mpaka, kila mtu anajua hivyo. Nami nilijua. Niliishi nikijua, na bado nikazunguka vilima miaka yote na kopo langu kama mtoto anayechora ukutani, kwa sababu sehemu nyingine sikuwahi kukuta watu wawili wanaogombea ardhi moja. Nilikuwa nimeuliza juu ya njia kwa mtu aliyenijia na Fanta. Sikubisha hodi kwenye nyumba ambayo njia ilikuwa inaikata.

Nilimpigia simu Tobias. Alinisikiliza, kisha akasema tusiguse kitu kwanza. "Tushuke Alhamisi," alisema, "halafu uwaeleze vyote unavyotaka." Hakuwa mtu mbaya, hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa. Wazee wakikaa Jumatano na mimi nimenyamaza, rangi itasema badala yangu. Na baiskeli sita zikipita Alhamisi, hata nikija kusema baadaye, kutakuwa na njia kweli, imechimbika, mtu yeyote ataiona kwa macho yake.

Nilifikiria kunyamaza. Nawaambieni wazi, kwa sababu siku moja na nyinyi mtafikiria. Ule ulikuwa mteremko bora wa maisha yangu, na wale watu sita wangekwenda kulitaja jina langu dunia nzima. Nilikaa kwenye baraza ya binamu yangu na sahani ya maharagwe mbele yangu, nisile. Binamu akaniuliza, "We Saidi, unaumwa?" Nikamwambia naumwa, na haukuwa uongo.

Jumatano asubuhi nilikuwa Butihinda kabla ya wazee. Ndio hao tunaowaita bashingantahe, wanaosikiliza ugomvi wa kilima. Walikuwa watano. Walimsikiliza Bosco, wakamsikiliza Mama Zawadi, kisha nikaomba kusema. Nikawaambia mawe niliyapaka mimi, kwa ajili ya baiskeli.

"Na tutajuaje?" akauliza mkubwa wao.

"Twendeni," nikasema. "Mpaka gani una doa moja kwenye jiwe hili na matatu kwenye lile? Na angalieni, rangi iko upande wa juu tu. Mtu anayepima mpaka hupaka pande zote. Mimi nilimpakia anayeshuka."

Waliinama kwenye jiwe la kwanza, kisha la pili. Mmoja wao alitaka kujua madoa matatu maana yake nini, nikamwambia, akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Lakini mkubwa wao hakucheka. "Bon, rangi iko ya kinga, tumesikia," akasema. "Lakini njia? Bosco anasema njia iko ya zamani, na njia ndiyo mpaka. Weye uko fundi wa kinga. Hiyo utaijulia wapi?"

Vijana wangu, swali hilo nilikuwa nimelisubiri miaka ishirini bila kujua. Nikawapeleka kwenye kona, nikapiga magoti, nikawaonyesha ule mzizi mnene. Maganda yake yalikuwa bado yapo, yamekatwa kwa jembe, na alama ya jembe ilikuwa kali. Mzizi ambao watu wameukanyaga toka enzi za babu unang'aa, hauna ganda, unateleza kama sabuni. Nikawaonyesha kingo: njia ilikuwa sawa na ardhi ya pembeni, wakati njia ya zamani huzama, maana kila mvua huondoka na udongo ulioshindiliwa na nyayo. Kisha nikavuka kahawa zile safu nne, wao nyuma yangu, nikatafuta kwa fimbo kwenye majani. Kwanza nikapata visiki vya miyenzi, kimoja, kingine, vimepangana. Hatua mbili mbele yake fimbo ikazama. Nikayafunua majani. Ulikuwa mfereji unaofika magotini, na chini yake mawe yaliyolainika, na mzizi mmoja mweupe unang'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Nikaingia ndani nikasimama. "Hii ndiyo njia," nikasema. "Ile nyingine haijafika hata misimu mitatu. Nilipoiona niliipenda mno, sikuitazama vizuri. Hilo ni kosa langu."

Bosco alikuwa anatazama visiki.

"Niko na watoto saba," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Miaka yote walikuwa hawapo. Nililima mimi. Mulitaka nifanye nini?"

Hakuna aliyemtukana, na mimi sikumwona kama mwizi. Wazee waliondoka pembeni wakanong'ona, wakarudi. Mpaka ni visiki. Njia ya wote ni ile iliyozama, na itafunguliwa. Ile ya juu ya shamba la Mama Zawadi imefungwa, alime apendavyo. Na mavuno ya maharagwe yaliyokwisha kupandwa na Bosco pale avune mwenyewe msimu huu. Mama Zawadi aliinama akapiga makofi taratibu mara tatu, kisha akashindwa kuinuka. Alikuwa analia.

Tobias na watu wake niliwapeleka kwenye vilima vya Gitega, mahali ambapo walikwisha kusikia habari zake. Walishuka, wakaanguka kidogo, wakashukuru kwa adabu. Tobias hakunipigia simu tena kwa mwaka mzima. Iliniuma, lakini ningerudishwa Jumatano ile ningesema yale yale, na kwa sauti kubwa zaidi.

Nilirejea Butihinda wiki iliyofuata na lita moja ya mafuta ya taa. Rangi ya mafuta haiondoki kwa maji, kumbukeni hilo mnapojiona werevu na makopo yenu. Mama Zawadi aliniletea vipande vya kanga kuukuu, tukaanza chini, jiwe kwa jiwe, tukisugua. Ilituchukua asubuhi nzima. Tulipofika juu mwambani vidole vyangu vilikuwa vimechubuka, na baiskeli yangu ilikuwa imeegemea pale pale nilipoiacha.

Nikageuka nikautazama mteremko. Ngazi mbili. Mzizi. Kisha ule mwanguko. Sikuwa nimeushuka hata mara moja. Nilikuwa nimewatunzia wageni.

Mama Zawadi aliona ninavyotazama. "Shuka basi, mzee," akasema. "Mara moja tu. Kesho nachimba mashimo ya kahawa."

Ningeweza. Breki zilikuwa nzuri na ardhi ilikuwa kavu. Lakini gurudumu linaacha mstari, na shamba lile lilikuwa limeshabeba mistari yangu ya kutosha. Niliinua baiskeli nikaiweka begani.

"Twende kwa ile njia nyingine," nikamwambia.

Akachukua panga, akatangulia. Alikuwa anafyeka majani mbele yangu, mimi nyuma na baiskeli begani, ndani ya ule mfereji, tukipita mizizi inayong'aa ambayo ilimtelezesha mara mbili akacheka. Chini kabisa maji yalikuwa bado yanatoka kwenye mwamba. Kando yake palikuwa na jiwe bapa, limefunikwa na kuvu. Alilitazama muda mrefu, akalisugua kwa kipande cha kanga kilichobaki.

"Baba alikuwa ananikalisha hapa," akasema, "ananiosha miguu kabla ya kupanda nyumbani."

Akakaa juu yake, akavua kandambili.